Bangili ya Kiti Ilivyofika Sydney na Kurudi

Nilikwenda Australia kumleta Mwami, yaani chifu wetu. Nalisema mapema, asije mtu wa Kasulu akavumisha kwamba Mwalimu Adelina amestaafu, kazi yake sasa ni kutembea tembea kwa watoto wa watu ughaibuni. Nilitumwa, na aliyenituma ni ukoo.

Kaka yangu alikalia kiti cha kwetu, kule vilimani juu ya Kasulu, mpaka alipofariki. Mwanawe wa kwanza akamfuata kabla machozi ya baba hayajakauka. Kiti kikabaki wazi. Najua kwamba machifu walivuliwa mamlaka yao zamani, maana hilo nimelifundisha darasani mpaka chaki ikaniisha. Mwami wetu wa leo hatozi kodi wala hafungi mtu. Lakini anapatanisha wagombea mipaka, anaita watu kwa ngoma, na mtoto akiuliza sisi ni akina nani kuna mahali pa kumwonyesha. Kwangu si jambo dogo. Waliostahili kukikalia walibaki wawili tu: Gerimundo, mtoto wa pili wa kaka yangu, ambaye ni padre huko Sydney, na Filbert wa nyumba ya pili, anayevaa miwani ya jua mpaka kanisani. Juu ya Filbert sina la kuongeza.

Kwetu shangazi ndiye anayemvisha Mwami bangili ya shaba, na akishavishwa, yamekwisha. Mwiko wake ni mmoja. Mwenye kiti hagusi maiti, na anayebeba bangili hagusi maiti vilevile. Sisi watoto wa kiti hatuoshi wafu wetu wala hatuwabebi. Huitwa watu wa nje wakaifanya kazi hiyo. Mama yangu mzazi alipofariki nilisimama kwenye migomba na dada zangu na baba zetu wadogo, nikaona shuka likipita, basi. Ndiyo kumzika mama kwetu.

Siku ya kuagwa, Mzee Bulinjiye, baba yetu mdogo na mkubwa wa ukoo, aliniuliza mbele ya wote, "Adelina, mikono yako ni safi?" Nikajibu ni safi. Akaiweka bangili kwenye kitambaa cheupe, nikaipokea. Miaka ile ya corona watu wote walikuwa wanasalimiana kwa viwiko, wanalalamika. Mimi nilikuwa nimeilinda mikono yangu tangu nizaliwe, sikuona kipya.

Ndegeni, tulipokwisha kuiacha Dar es Salaam, nilianza kupanga maneno yangu. Nilikuwa na hoja moja nzito, nayo ni maisha ya yule aliyempa Padre wetu jina. Wamisionari wa Kifaransa waliotulea walituachia hadithi ya Gerimundo, askofu wa kale wa nchi yao, na kaka yangu aliipenda hata akambatiza mwanawe kwa jina hilo. Nilimsimulia mtoto mimi mwenyewe, jioni nyingi, akiwa amekaa juu ya gunia la maharage.

Gerimundo yule alizaliwa ngomeni, mtoto wa pili wa kaunti, yaani mtawala wa jimbo zima. Desturi yao ilikuwa wazi: wa kwanza apewe upanga, wa pili apewe watawa. Akapelekwa monasteri angali anavishwa viatu. Akajua Kilatini, akajua kufunga na kusali, lakini damu haifichiki. Alijua kupanda farasi kuliko askari, na akikohoa tu chumba kinanyamaza. Wakamfanya askofu angali kijana. Kisha kaka yake akafa vitani bila mtoto. Mabaroni, yaani wakubwa waliokuwa chini ya kaunti, wakaja, wakapiga magoti mmoja mmoja, na kila mmoja akaweka viganja vyake viwili kati ya viganja vya askofu, maana huko ndivyo mtu alivyomwapia bwana wake utii. Tangu siku hiyo akashika fimbo ya uaskofu mkono huu na upanga wa ukaunti mkono huu. Padre na mtawala, mtu mmoja. Hapo ndipo nilipokusudia kukomea. Hadithi ina mwisho wake, lakini mwisho huo haukuwa na faida kwangu.

Uwanja wa ndege wa Sydney waliniuliza nina chakula gani. Sina, nikasema, na ilikuwa kweli, kwa maelekezo makali ya Padre. Mtu wa Kigoma kwenda ugenini bila dagaa wala mawese ni aibu ambayo bado naisikia. Ofisa aliigeuza geuza bangili kwa glavu zake, akauliza ni ya nini.

"Ni ya mfalme," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shuleni.

"Na mfalme yuko wapi?"

"Yuko hapo nje, ananisubiri."

Akacheka, akanirudishia, akanitakia safari njema.

Nje alikuwepo kweli, mrefu kama baba yake, barakoa usoni. Nilitaka kumkumbatia, yeye akatoa kiwiko. Nywele zimeanza mvi. Mvi zile zilinichoma moyo, kwa kuwa nilimwacha mtoto.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, Mundo. Umekonda. Wanakulisha nini huku, maji ya baraka?"

Aliyetuendesha ni Papa Dezire, Mkongo wa Uvira, mfanyakazi wa ghala na mpiga gitaa wa kwaya. "Mama, karibu sana," akasema akiwasha joto la gari. "Huku kazi iko, chakula iko, shule iko. Baridi nayo iko, mingi. Usishtuke."

Rooty Hill ndiko nilikofikia. Nilidhani nitakaa Macquarie Fields, kwenye nyumba ya mapadre, lakini Mundo alisema nafasi ni ndogo, nitakaa kwa Joselina. Joselina ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi, hapo hapo kwetu Kasulu, sasa analea wazee wa Kizungu kwenye nyumba yao ya kutunzia wazee. Anatoka na giza, anarudi na giza, na kila siku anaanza kwa kujitumbukiza kijiti cha kipimo cha corona puani. Binti yake Keza anaelewa kila unachosema na anakujibu Kiingereza. Nilimwambia, "Keza, niletee chai." Akasema, "Sure, Bibi, sugar?" Chai yenyewe ilikuwa nzuri, nikamsamehe.

Na alikuwepo mama yake Joselina, Bi Venansia, ameketi karibu na dirisha na blanketi magotini. Alinitazama muda mrefu.

"Wewe ni wa kiti," akasema. "Una paji la mama yako."

Nikamuuliza mama yangu alimjulia wapi.

"Nilimwosha. Mlituma mtu kambini kutafuta wanawake. Tulikwenda watatu."

Jamani, nilikaa chini. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza wale watu wa nje walikuwa akina nani. Nikamwomba anisimulie, naye akasimulia polepole, kwa Kiswahili chake cha kambini. Nywele za mama zilikuwa nyeupe zote chini ya kilemba. Mimi nilijua ni nyeusi. Goti la kushoto lilikuwa na kovu. "Nilikuwa namwambia kila ninachoosha," akasema. "Mama, huu mkono wako wa kulia. Mama, sasa miguu. Kwetu hatumwoshi mtu kimya kimya, atashtuka. Na jina lazima umwite, ajue ni yeye." Nililia mbele ya Keza bila aibu. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilivuta kiti changu karibu na dirisha lile, tukanywa chai, tukawasema majirani zetu wa Kasulu, walio hai na waliokufa.

Macquarie Fields nilikwenda Jumapili. Mundo alisoma misa kwa Kiingereza, kisha ukumbini akakutana na watu wetu: Warundi, Wakongo, Wakenya wawili watatu, wote wakikutana kwenye Kiswahili, kila mtu na chake. Baadaye tulikaa jikoni kwa mapadre, yeye na mimi, nikatoa hoja yangu. Nikamsimulia Gerimundo kuanzia ngomeni, nikafika kwenye viganja vya mabaroni, nikakoma.

"Unaona?" nikamwambia. "Fimbo na upanga. Askofu wako hakuuacha ukasisi wala hakuikana nyumba ya baba yake. Askofu wa jimbo letu nimeshamgusia, hakukataa. Kiti si siasa siku hizi, ni heshima."

Nilitegemea ubishi. Badala yake akavua miwani, akafuta macho.

"Shangazi, nimechoka," akasema. "Wakati wa kufungiwa nilizika watu mbele ya waombolezaji kumi, wengine wakitazama kwenye simu. Mama anamlilia mwanawe Congo, mimi namshikia simu. Hakuna hata aliyemshika mwenzake bega. Nataka kurudi nyumbani nisikie ngoma."

Nikamuuliza swali nililotumwa kuuliza, kama mikono yake ni safi.

"Safi. Corona ilinisaidia, sheria ilisema tusimame mbali." Akainamisha kichwa. "Na hata kabla ya corona, sikugusa. Naomba sala, wengine wananyanyua. Watu wanadhani ni upole. Ni mwiko wa kwetu, sijawahi kuuvunja."

Nilifurahi, nasema kweli. Tukakubaliana nimvishe Jumapili inayofuata, baada ya misa, nyumbani kwa Joselina. Niliporudi Rooty Hill, Bi Venansia akaniambia nimepata mume, maana naimba jikoni.

Katikati ya wiki ile, kijiti cha Joselina kikaonyesha mistari miwili. Akajifungia chumbani kwake, kama ilivyokuwa lazima. Waimbaji wawili wa kwaya, ambao ndio huwa wanamsaidia kumtunza mama yake, nao walikuwa wamefungiwa makwao. Kesho yake asubuhi nilimpelekea Bi Venansia chai pale dirishani, nikaongea mwenyewe kwa muda kabla ya kutambua kwamba hanijibu. Daktari akasema ni moyo, umri umefika. Nilikuwa nimesimama na kikombe mkononi, hatua chache kutoka kwake, nikashindwa hata kumfumba macho. Keza ndiye aliyemfumba. Binti wa darasa la sita. Mimi nilirudi nyuma, nikasimama ukutani kama nilivyosimama kwenye migomba.

Joselina alilia nyuma ya mlango wake. Walipokuja kumchukua mama yake, alisikia magurudumu tu.

"Shangazi," akaniita, maana aliniita kama Mundo anavyoniita. "Mama ameosha watu wengi sana. Usiniachie mama akaoshwa na mtu asiyejua jina lake. Tafuta mtu. Yeyote."

Nikamwambia nitatafuta. Nikapiga simu kila namba aliyonipa. Huyu ana corona, huyu yuko zamu na hana wa kumshikia, huyu yuko mbali.

Villawood ndiko ilikokuwa nyumba ya maziko, kwenye mtaa wa viwanda, kati ya gereji na ghala la vigae. Papa Dezire alitupeleka mimi na Mundo. Mwenye nyumba ile, mama wa Kizungu mwenye sauti ya chini, alitupokea vizuri, akasema tusiwe na wasiwasi, ataifanya kazi mwenyewe kwa heshima. Nilimwamini. Nikamuuliza kama anaweza kulisema jina la marehemu. Akajaribu, maskini, mara mbili, likamkataa mdomoni.

Mundo hakuniomba. Angeniomba ningekataa, ningemkumbusha Jumapili, ningemkumbusha baba yake na Filbert na safari nzima. Alisimama tu, mikono mfukoni, akitazama sakafu. Na mimi nikaona vizuri kabisa kitakachofuata. Atavishwa bangili kwa sababu sisi wawili tulisimama mbali na mwanamke aliyeniogeshea mama.

Niliitoa bangili kifuani. Kumpa mkononi nisingeweza, kwa kuwa kumpa ndiko kumvisha. Nikaiweka dirishani pamoja na kitambaa chake, nikakunja mikono ya gauni.

"Shangazi," Mundo akasema. "Unajua unachofanya."

"Nilikuwa najua kabla hujazaliwa," nikamjibu. "Niletee maji ya uvuguvugu."

Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba nilifanya kama alivyonisimulia. Nilimwita jina. Venansia, huu mkono wako wa kulia. Venansia, nakuinua kidogo, usishtuke. Venansia, hii ni miguu yako iliyotembea mpaka Kasulu. Nilipofika magotini nilimwita Mama, na sikujirekebisha.

Nilipotoka, Mundo alikuwa mlangoni na bangili iko pale pale dirishani. Mimi nisingeweza kuigusa tena. Yeye angeweza. Angenyoosha mkono tu, na nisingekuwa na la kusema.

"Askofu Gerimundo alimzika nani wa kwanza?" akaniuliza.

Huo ndio mwisho nilioukwepa, na alikuwa ameukumbuka tangu gunia la maharage. Tauni iliingia mjini kwa Askofu, na watumishi wakakimbia. Mfuaji nguo wa ngomeni akafa peke yake kwenye kibanda chake, wala hakuna aliyemkaribia. Askofu aliuweka upanga juu ya altare, akaenda kumbeba mwenyewe, akachimba. Baada yake akawabeba wengine. Tauni ilipokwisha yeye akiwa hai bado, mabaroni waliitwa kuapa upya, wakakataa kuweka mikono yao kwenye mikono ile. Ukaunti ukaenda kwa binamu yake. Yeye akabaki na fimbo, akazeeka nayo.

"Mfuaji wa nguo," nikamjibu.

Mundo akaingia. Akamwekea Bi Venansia ishara ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba kitupu, akashika upande wa mabega, na yule mama wa nyumba ya maziko akashika upande wa miguu, wakamlaza kwenye jeneza. Ilimchukua muda kutoka mle ndani. Alipotoka alikuwa analia kwa sauti, kama walivyolia watu wa kwetu kabla ya barakoa, na nikamshika, nikamshika kweli, mikono yote miwili.

Papa Dezire alituonea huruma, akaanza kukusanya vitu vyetu. "Mama, bangili yako hii, utaisahau," akasema, tayari ameishika.

Mundo na mimi tukatazamana.

"Ibebe wewe, Papa," nikamwambia.

"Niivae?"

"Ole wako."

Akaitia kwenye mfuko wake wa chakula cha kazini. Tulimzika Bi Venansia siku iliyofuata, Joselina akitazama kwenye simu aliyoishika Keza, na Keza akimwambia mama yake kila kinachofanyika, kwa Kiswahili, tangu mwanzo mpaka udongo wa mwisho.

Safari ya kurudi ilikuwa na tatizo la mzigo. Papa Dezire alilitatua kwa utaalamu wake: aliizungushia bangili plastiki ya ghalani, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikawa kama boga, akaniwekea kwenye sanduku yeye mwenyewe. "Hapa hata ndege ianguke, yenyewe iko salama," akasema. Nikamshukuru kwa faraja hiyo. Mundo alinisindikiza mpaka mwisho wa njia ya wasafiri. Hakutoa kiwiko.

Kasulu nilifika mchana, nikaenda moja kwa moja kwa wazee, na vumbi langu. Ilibidi nimwombe mtu afungue sanduku na kuikata plastiki ile. Aliyenyanyuka na kisu ni Filbert. Alikata, akakata tena, jasho likamtoka, mwisho akavua miwani ili aone vizuri. Ana macho ya kaka yangu, mtoto yule. Nilikuwa sijawahi kuyaona.

Nikawasimulia yote, kama nilivyowasimulia ninyi. Sikupunguza kitu wala sikuomba radhi. Nilisema Gerimundo hatakuja, mikono yake imezika. Nilisema na yangu pia, kwa hiyo ukoo utafute shangazi mwingine wa kumvisha huyu hapa. Nikasema na jina la aliyemwosha mama, maana nyumba ile ilikuwa haijawahi kulisikia.

Aliyegusa maiti, kwetu, mzee wa ukoo hampi mkono. Nilijua, nikabaki nimekaa na mikono yangu mapajani.

"Unasema alimwita jina?" Mzee Bulinjiye akauliza. "Mama yenu. Alimwita?"

"Alimwita, Baba. Kila kiungo."

Naye alikuwepo kwenye migomba siku ile, amesimama nyuma yangu. Akajiinua kwa fimbo yake, akaiegemeza ukutani, akaja mpaka nilipo. Akapiga goti moja kwa shida, mtu wa umri ule, na kabla sijamzuia akaweka viganja vyake viwili kati ya viganja vyangu.